MGENI AKIKAA MUDA MREFU, UNGA ANUNUE NANI?

Ndugu msomaji, tuseme wewe na mwenzako mmepanga chumba kimoja. Mmekuja bondeni kulima mpunga. Kijijini kwenu ni mbali. Mmeona afadhali mkae karibu na shamba mpaka mavuno. Kodi mnagawana nusu kwa nusu. Unga mnanunua pamoja. Mnapika sufuria moja.

Jioni moja mtu anapiga hodi. Ni mdogo wake mwenzako. Ana mfuko mmoja na panga. Anasema, "Shikamooni. Nimekuja kuwasalimu. Nitakaa siku mbili tatu."

Mnamkaribisha. Mnaongeza maji kwenye sufuria ya ugali. Mnamtandikia mkeka. Asubuhi mnakunywa uji pamoja naye.

Siku mbili zinapita. Juma linapita. Mwezi unapita. Mgeni bado yupo. Unga uliokuwa unawatosha siku 30 sasa unaisha siku ya 20. Maji ya ndoo yanaisha kabla ya jioni. Ukitaka kuvaa suruali asubuhi, huna pa kukanyaga. Mtu amelala hapo.

Je, utafanya nini? Utanyamaza? Utamfukuza? Au utaficha sukari?

Mimi niliwahi kuficha sukari. Nitakueleza.

Ninafanya kazi ya ugani katika Bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Watu huniita Bwana Shamba. Kila mwaka mvua zinapokaribia, watu wengi huja bondeni kutoka vijiji vya mbali. Hulima na kupanda. Masika hupalilia. Mpunga ukianza kutoa masuke, huamia ndege tangu alfajiri mpaka jioni. Kisha huvuna. Hiyo ni miezi mingi. Wengi hupanga vyumba wawili wawili, watatu watatu. Na nyuma yao hufuata ndugu.

Watu wakigombana kuhusu mpaka wa shamba, huniita. Wakigombana kuhusu mbegu, huniita. Lakini magomvi mengi niliyoyasikia katika vyumba vya kupanga hayakuwa ya mpaka wala mbegu. Yalikuwa ya unga.

NILIVYOHARIBU MIMI

Mwaka 2004 nilikuwa kijana. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha kilimo. Nilipangiwa kazi katika kijiji kimoja. Hapo nilimkuta Bwana Mifugo, kijana kama mimi. Tukapanga nyumba ya vyumba viwili. Kimoja changu, kimoja chake. Jiko lilikuwa banda la nyasi nje.

Tulipatana kwa maneno tu. Kodi nusu kwa nusu. Chakula nusu kwa nusu. Mafuta ya taa tununue kwa zamu. Hatukuandika kitu. Sisi wawili tulikuwa tumesoma, tena kazi yetu ilikuwa kuwaambia wakulima waweke kumbukumbu. Nyumbani kwetu hapakuwa na kumbukumbu hata moja.

Mwezi wa pili wa mwaka huo alikuja mdogo wake. Alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Kijana mpole, hasemi sana. Alisema amekuja kutafuta vibarua.

Mwezi wa kwanza nilitoa nusu ya fedha za unga kama kawaida. Sikuona shida. Mwezi uliofuata nilianza kuhesabu vijiko. Nilisema moyoni, "Hawa ni wawili, mimi ni mmoja. Kwa nini nitoe nusu?" Lakini mdomo haukufunguka.

Nikafanya nini? Nilinunua sukari yangu nikaifungia kwenye sanduku la chuma. Jioni nilipita mgahawani nikala chapati na maharage. Nikifika nyumbani nasema, "Leo sijisikii kula." Kisha mwisho wa mwezi natoa fedha kidogo kwa sababu "sikula." Hapo mgahawani niliwaambia watu, "Kwetu siku hizi tunalisha." Maneno ya mgahawani hayalali huko. Yalifika nyumbani kabla yangu.

Mwezi wa tano, usiku mmoja wa mvua, nilikuwa chumbani na rafiki yangu. Nikasema kwa sauti, "Watu wengine hawana haya." Kuta za nyumba ile hazikufika juu ya paa. Upande wa pili mtu alikuwa macho, anasikia.

Asubuhi mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri. Kijana hakuwepo. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

Bwana Mifugo hakunigombeza. Mwisho wa mwezi alihamia nyumba nyingine. Tulifanya kazi ofisi moja miaka miwili zaidi. Tulisalimiana "habari za kazi," "nzuri." Basi. Mtu ambaye nilikuwa nakula naye sahani moja.

Katika miezi ile yote sikumwuliza maswali mawili. La kwanza: "Ndugu yangu, mgeni wetu atakaa mpaka lini?" La pili: "Chakula tugawane vipi sasa?" Maswali haya hayachukui hata dakika moja.

Kwa nini sikuuliza? Niliona haya. Mila zetu zinakataza kumwuliza mgeni ataondoka lini. Hiyo ni mila nzuri, nami siipingi. Lakini angalia, ndugu msomaji. Mwenzako uliyepanga naye si mgeni. Yeye ni mwenyeji kama wewe. Yeye unaweza kumwuliza. Mila haikukatazi. Mimi nilichanganya watu wawili, na kwa sababu hiyo nikawapoteza wote wawili.

MPE JEMBE, LAKINI LA NANI?

Wote tunaijua methali hii: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitaja mwaka 1962 katika kijitabu chake kuhusu Ujamaa. Alikuwa anafundisha kwamba kila mtu mwenye nguvu afanye kazi.

Siku hizi watu wengi huitumia kumsema mgeni. Akipita wanacheka, "Siku ya tatu imefika!" Sikiliza maneno yenyewe. Methali haisemi mfukuze. Haisemi mnyime. Inasema mpe. Anayetoa jembe ni mwenyeji. Mgeni hawezi kujua jembe liko wapi, shamba lipi linahitaji palizi, au kisima kiko njia ipi. Mgeni akikaa bure mwezi mzima, uliza kwanza kama kuna mtu aliyemwonyesha kazi.

Nami nikupe hesabu ya jembe hilo. Mtu mzima anayekula ugali hula kama nusu kilo ya unga kwa siku. Debe moja la mahindi lina uzito wa kilo 18 hivi. Kwa hiyo debe moja, likisagwa dona, linamtosha mtu mmoja siku 36. Akikaa miezi 6, yaani siku 180, atakula debe 5. Hizo ni kilo 90. Ni karibu gunia zima.

Shamba la mahindi lisilotiwa mbolea mara nyingi halizidi magunia 5 au 6 kwa ekari. Ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Gunia moja basi linatoka kwenye kipande cha hatua 70 kwa hatua 12 au 14. Mpimie mgeni kipande hicho. Akikilima, akakipalilia na kukivuna, chakula chake cha miezi 6 amekirudisha. Si kazi kubwa. Kijana mwenye nguvu hatalalamika. Hata moyo wake utatulia, maana hakuna mtu anayependa kula akiangaliwa mkono.

Kama mmekuja kulima mpunga na mahindi mnanunua, kazi zipo vilevile. Kuna palizi. Kuna ndege. Kuna maji na kuni.

UTASEMA NA NANI, NA LINI?

Usiseme na mgeni. Sema na mwenzako aliye mwenyeji wake. Yeye ndiye atakayesema na ndugu yake kwa lugha yao.

Usiseme mgahawani, wala kisimani. Usiseme wakati wa kula, maana tonge litamkwama mtu kooni. Usiseme ukiwa umekasirika kwa sababu ya unga ulioisha asubuhi ile. Ngoja mwende shambani pamoja, ninyi wawili tu. Njiani mtu husema vizuri kuliko akikaa, kwa sababu hamtazamani usoni.

Usingoje miezi. Juma la kwanza likiisha, sema. Wakati huo huna hasira bado. Waweza kusema hivi: "Ndugu yangu, nimefurahi mdogo wetu amekuja. Nataka tupange vizuri ili tusikosane baadaye. Unafikiri atakaa mpaka lini? Na unga tuufanyeje?"

Mwenzako anaweza kujibu, "Ah, hakai sana." Jibu hilo usilikubali. Halina tarehe. Mwulize kwa kazi za shamba: "Mpaka palizi iishe? Mpaka mavuno?" Akisema mpaka palizi, imetosha. Mnajua wote palizi inaisha lini. Palizi ikiisha na mgeni bado yupo, una mahali pa kuanzia. Hutaonekana unamfukuza. Unakumbusha neno lake mwenyewe.

Mwambie mwenye nyumba pia. Alipangisha chumba kwa watu wawili. Choo ni chake na maji ni yake. Akigundua mwenyewe kwamba mko watatu, atadhani mlimficha. Vilevile mwenzako ampeleke mgeni kwa mwenyekiti wa kitongoji ajulikane. Hili si jambo la kumtisha mtu. Likitokea la kutokea, ugonjwa au wizi, mgeni anayejulikana ana watu wa kumsemea.

HESABU YA SIKU ZA KULA

Sasa tuje kwenye fedha. Hapa wengi hukosea. Husema, "Tuko vyumba viwili, tugawane mara mbili." Au, "Tumepanga wawili, tutoe nusu kwa nusu." Chumba hakili. Anayekula ni mtu, na mtu hula kwa siku. Kwa hiyo hesabuni watu na siku.

Chukua daftari dogo. Lifunge kamba ulitundike mlangoni pamoja na kalamu. Kila jioni andika mambo mawili. Leo tumekula watu wangapi? Leo nani amenunua nini, kwa shilingi ngapi? Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, hii ndiyo kazi ya kalamu yako. Maandishi yako hayana haja ya kupendeza.

Tufanye mfano. Mwezi una siku 30. Wewe umekula siku 30. Mwenzako amekula siku 30. Mgeni alifika tarehe 8. Mimi napenda siku 3 za kwanza zisihesabiwe. Hizo ni za heshima, ni mgeni wenu wote. Kwa hiyo mgeni anahesabiwa tangu tarehe 11. Amekula siku 20.

Jumlisha 30 na 30 na 20. Jibu ni 80. Hizo ni siku za kula.

Sasa jumlisha fedha za chakula mwezi huo. Tuseme unga, maharage, dagaa, mafuta, chumvi na mkaa vimechukua shilingi 160,000. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe tumia bei za kwenu. Gawanya 160,000 kwa 80. Jibu ni 2,000. Kila siku ya kula ni shilingi 2,000.

Wewe una siku 30. Zidisha mara 2,000. Utatoa 60,000. Mwenzako ana siku zake 30 na za mgeni wake 20, jumla 50. Atatoa 100,000. Kama mgeni anapata vibarua, atoe mwenyewe 40,000 na mwenzako atoe 60,000 kama wewe.

Mngegawana nusu kwa nusu ingekuwaje? Kila mmoja angetoa 80,000. Wewe ungetoa 20,000 zaidi ya ulichokula. Mwezi unaofuata mgeni akila siku zote 30, utatoa 30,000 zaidi. Na mwezi wa tatu vilevile. Hapo ndipo watu huanza kuficha sukari.

Lakini si kila kitu kinakwenda kwa siku za kula. Taa ikiwaka, inawamulikia watu watatu sawasawa na wawili. Haiongezi gharama. Hiyo gawaneni kama zamani. Maji ni tofauti. Mgeni anaoga na kufua, kwa hiyo ndoo zinaongezeka. Kama maji mnanunua, yatieni kwenye hesabu ya chakula. Na kama hamnunui, mtu anayakwenda kuyateka. Ni nani? Kama mnaishi na mke au dada, mara nyingi ni yeye. Wanaume wanapatana kuhusu unga, wanapeana mikono, na mama anaongeza safari moja ya kisimani kila siku bila kuulizwa. Mwulizeni. Au mgeni achukue ndoo.

Na kodi? Hapa watu hawakubaliani. Wengine husema kodi haikuongezeka, basi mgeni asitoe. Wengine husema chumba kimebana, basi atoe. Mimi nasema hivi: mwezi wa kwanza mwacheni. Akiingia mwezi wa pili, huyo amehamia. Kodi igawanywe mara tatu. Chumba cha shilingi 30,000 kila mmoja atatoa 10,000. Kama hana, mwenyeji wake amtolee.

VIJANA WATATU NA NDEGE

Msimu mmoja wa karibuni walinijia vijana watatu. Walipanga chumba kimoja. Shemeji wa mmoja wao alikuwa amekuja, na sasa alikuwa na mwezi na nusu. Nilidhani nitaona ngumi. Sikuona. Mmoja wao alisoma katika darasa la watu wazima, naye alikuwa na daftari. Lilikuwa na madoa ya mafuta, na namba nyingine ziliandikwa kinyume. Lakini siku zote zilikuwemo.

Ugomvi wao ulikuwa huu. Mwenye shemeji alisema, "Shemeji yangu ameamia ndege siku 30 katika mashamba yetu wote. Kwa nini mimi peke yangu nilipie chakula chake?" Wenzake walisema, "Hatukumtuma."

Ni kweli hawakumtuma. Lakini kweleakwelea walikuwa wengi msimu ule, na mpunga wao ulikuwa umepona. Mashamba yao yalikuwa yamepakana. Huwezi kufukuza ndege katika shamba moja ukamwacha katika shamba la jirani. Kijana yule alikuwa anaamka kabla ya jua na kurudi giza likiingia. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele.

Nikawaambia, "Tuhesabu ekari." Mmoja alikuwa na ekari 2. Wa pili ekari 1. Mwenye shemeji ekari 1. Jumla ekari 4. Chakula cha shemeji kwa siku 30 za ndege kilikuwa shilingi 60,000. Gawanya kwa ekari 4. Kila ekari ni 15,000. Mwenye ekari 2 akatoa 30,000. Wa pili 15,000. Mwenye shemeji 15,000. Zile siku nyingine za mwezi na nusu, kabla ya ndege, mwenye shemeji akalipa peke yake.

Mwenye ekari 2 alinuna kidogo. Kisha akasema, "Haya. Ningeweka kibarua ningetoa zaidi." Wakapatana pia kwamba wakivuna, kila ekari itatoa debe moja la mpunga kwa shemeji. Nimeambiwa alilipwa debe zote 4.

Kumbuka neno lile la "hatukumtuma." Ni neno la kweli na ni neno baya. Ukiona mgeni wa mwenzako anafanya kazi yako, usikae kimya ukifurahi. Kimya chako ni mapatano.

WAGONJWA NI JAMBO LINGINE

Kuna wageni ambao huwezi kuwapa jembe. Mama mjamzito anayekaa karibu na hospitali akisubiri kujifungua. Mzee anayekuja kutibiwa. Mtu aliyefiwa. Mji wetu wa Ifakara una hospitali kubwa, na watu hutoka mbali kuja huko. Wengi hufikia katika vyumba vya ndugu zao, na ndugu hao nao wamepanga na wenzao.

Mgonjwa usimhesabie siku mbele yake. Lakini daftari liendelee. Hesabu yake wapelekewe ndugu walioko nyumbani. Waambiwe wazi: "Mama yupo salama. Anakula vizuri. Tumeni unga." Siyo aibu. Ndugu wa kijijini pengine hawana fedha, lakini wana mahindi. Debe moja likipakiwa kwenye basi, ni siku 36 za chakula chake. Mara nyingi hawatumi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Wanadhani mjini chakula kipo tu.

Na wewe unayemsindikiza mgonjwa, usifike mikono mitupu ukamwachia mwenyeji mzigo. Mwenyeji wako hayuko peke yake chumbani. Ana mwenzake.

DAFTARI LINA PANDE MBILI

Sasa nimalize habari yangu na yule kijana aliyeondoka mvuani.

Mwaka 2011 nilikutana naye mnadani. Nilimtambua mimi kwanza. Alikuwa amenenepa na alikuwa anauza mchele. Nilitaka kupita upande mwingine. Akaniita, "Kaka, shikamoo!" Nikasimama.

Tukazungumza. Nilimwomba radhi kwa maneno ya usiku ule. Akacheka, akasema ameshasahau. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema, "Kaka, mimi nilikuwa nafanya vibarua vya kupalilia. Kila Jumamosi nilimpa kaka yangu fedha kidogo. Ndiyo tulinunulia mafuta ya taa na mafuta ya kula."

Nilinyamaza. Nilikumbuka kwamba katika miezi ile taa yetu haikukosa mafuta. Nilidhani Bwana Mifugo ananunua kwa mshahara wake, hata katika zamu yangu. Nilimwona mtu mkarimu kupita kiasi. Zamu zangu nyingine nilizisahau makusudi, maana nilisema moyoni, "Wao ni wawili, wanunue wao." Basi usiku nilikuwa nasoma vitabu vyangu vya kilimo kwa mwanga wa mafuta ya yule niliyemwita hana haya.

Kwa nini Bwana Mifugo hakuniambia? Kijana alisema kaka yake aliona aibu kuonekana anachukua fedha ya mdogo wake. Mimi niliona haya kuuliza, yeye aliona haya kusema.

Kama tungekuwa na daftari mlangoni, lingeandikwa hivi: "Jumamosi. Mafuta ya taa chupa moja. Amenunua mgeni." Mstari mmoja tu kila juma. Ningeusoma.

Nilijaribu kufanya hesabu pale pale mnadani. Siku zangu za kula, siku zake, unga nilioutoa, mafuta aliyoyatoa, zamu nilizoruka. Haikuwezekana. Ilikuwa imepita miaka 7 na hakuna kilichoandikwa. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, unanidai nini?"

Akasema, "Ninunulie chai." Nikamnunulia chai na chapati mbili. Sukari alijitilia mwenyewe, vijiko vinne.